Kofia ya dereva wa mbio na kichwa cha mwanao kwenye bodaboda

Makutupora, Dodoma. Saa moja kasoro asubuhi, siku ya shule, ukisimama kando ya barabara kuu iendayo Kondoa utaisikia kabla hujaiona. Bodaboda inakuja. Mtoto wa darasa la pili amekaa juu ya tangi la mafuta, nyuma yake dereva, kisha mdogo wake amebanwa katikati, na mwisho mama mwenye mfuko wa madaftari. Watu wanne, kofia ngumu moja, nayo imening'inizwa kwenye kioo cha pembeni.

Mshikaki, ndivyo watu wanavyouita, na wanautaja wakicheka.

Pembeni ya barabara hiyo hiyo, jioni, watoto wa kiume wanasukuma magari ya waya yenye matairi ya ndala zilizokatwa. Wanapiga honi kwa midomo, wanakata kona, wanaovateki. Kila mmoja ni dereva wa mbio. Ukimuuliza mtoto wa umri huo atakuwa nani akikua, udereva hukosi kuusikia, na mzazi anayesikia jibu hilo huguna. Barabara anaijua.

Makutupora inayozungumzwa hapa si ile ya Manyoni inayotajwa kila siku kwenye habari za reli ya SGR. Ni hii ya zabibu, kambi ya JKT na visima vinavyonywesha jiji, zaidi ya kilomita 20 kaskazini mwa Dodoma mjini. Barabara yake ni sehemu ya njia ya zamani iliyokuwa ikitajwa kwamba inaunganisha Cairo na Cape Town. Kwa miaka mingi ilikuwa vumbi kiangazi na tope masika. Lami ya kutoka Dodoma hadi Babati ilipokamilika na kuzinduliwa mwaka 2018, safari ya siku nzima ikawa ya saa chache. Kila aliyesafiri zamani na basi la Kondoa anajua lami hiyo imeleta nafuu gani. Lakini lami imeleta pia mwendo kasi, na mwendo kasi umepita katikati ya makazi, shule na magenge.

Tukitaka kuzungumza na watoto kuhusu mwendo kasi, pengine tuanze na mtu ambaye hawawezi kumwita mwoga.

Mwitaliano aliyeitamani Safari

Sandro Munari alizaliwa mwaka 1940 Cavarzere, mji wa mashambani jirani na Venice, Italia. Katika miaka ya 1970 hakukuwa na dereva wengi duniani wa kumfananisha naye katika mbio za magari za barabarani, zile ambazo gari moja moja huondoka na kushindana na saa kwenye milima, theluji na vumbi. Alishinda Monte Carlo, mashindano yenye heshima kuliko yote Ulaya, mara nne: 1972, 1975, 1976 na 1977. Mwaka 1972 alishinda pia Targa Florio ya Sicily akiwa na Arturo Merzario ndani ya Ferrari. Mwaka 1977 alitwaa Kombe la FIA la madereva, wakati ambapo ubingwa wa dunia wa madereva kama tunaoujua leo haujaanzishwa.

Lakini kuna mashindano moja yaliyomkatalia kabisa, nayo yalikuwa ya kwetu.

Safari Rally ilianza mwaka 1953 na kwa miaka ya mwanzo ilizunguka Kenya, Uganda na Tanganyika. Ilifanyika wakati wa Pasaka, katikati ya mvua, takriban kilomita 5,000 za tope, mawe, madaraja yaliyosombwa na ng'ombe wasiojua kwamba kuna mashindano. Mwaka 1963 yaliondoka magari 84, yakafika saba. Mwaka 1968 yaliondoka 93, yakafika saba tena. Mara zote mbili mshindi alikuwa yule yule, Nick Nowicki, kwenye Peugeot 404. Wazee wengi wa ukanda huu waliikinga simu ya upepo, yaani redio, sikioni wakisubiri kujua nani amekwama wapi. Na Tanzania ilikuwa na mtu wake: Bert Shankland, mkazi wa Dar es Salaam, alishinda 1966 na 1967.

Munari alikuja na kampuni ya Lancia, yenye fedha, mafundi na magari ya kisasa. Mwaka 1974 alishika nafasi ya tatu. Mwaka 1975 alirudi na Lancia Stratos, gari fupi lililolala chini kama mjusi, lenye injini ya Ferrari, akawa wa pili. Mwaka 1977 akawa wa tatu tena. Kwenye Safari zile mbili za kwanza msoma ramani wake alikuwa Lofty Drews, mtu wa hapa hapa Afrika Mashariki, aliyekuwa amekwisha kushinda na Shekhar Mehta mwaka 1973. Kumbuka jina hilo, tutalirudia.

Aliyemzidi Munari mwaka 1974 hakuwa dereva wa kulipwa wa kiwanda kikubwa cha Ulaya. Alikuwa Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho mwaka 1932, fundi magari, mtoto wa fundi magari, ambaye aliwahi kuajiriwa kuzunguka barabarani akisaidia wanachama wa chama cha wenye magari walioharibikiwa njiani. Alikuwa amekwisha kuishinda Safari mwaka 1965 na mdogo wake Jaswant, kwa Volvo iliyokwisha kutumika na wengine. Mwaka 1974 alikuwa na Mitsubishi Lancer ya injini ndogo ya 1600. Mwaka 1976 akashinda tena, akiwa na miaka 44, na nafasi tatu za juu zote zikawa za Lancer. Akawa mtu wa kwanza kuichukua Safari mara tatu.

Wakenya walimwita Simba. Lakini sifa yake kubwa kuliko jina hilo ni hii: kati ya Safari 22 alizoanza, alimaliza 19. Katika mashindano ambayo wengi waliishia kwenye mitaro, huyu alikuwa anafika. Aliijua gari yake nati kwa nati, na alijua mahali pa kuondoa mguu kwenye mafuta.

Ajali haikutokea kwenye mbio

Sehemu ya maisha ya Munari ambayo mzazi wa Makutupora anapaswa kuijua haihusu ushindi wake.

Januari 1968, akiwa na miaka 27, alikuwa akielekea Monte Carlo. Zamani mashindano hayo yalikuwa na mtindo wa kipekee: magari yalianzia miji mbalimbali ya Ulaya na kusafiri mamia ya kilomita kwenye barabara za kawaida, pamoja na malori, mabasi na watu wanaokwenda kazini, hadi yalipokutana mahali pamoja ndipo mbio kali zianze. Munari na msoma ramani wake, Luciano Lombardini, walikuwa wakipita Yugoslavia. Wakapata ajali. Lombardini alikufa. Munari aliumia vibaya na akakaa nje ya mashindano kwa muda mrefu akijiuguza.

Mtu ambaye kazi yake ni kukimbia kwenye barafu ukingoni mwa makorongo aliponea chupuchupu kwenye barabara ya kawaida, na rafiki yake alipotea hapo.

Mwitaliano mwingine, wa kizazi cha baadaye, alipitia jambo linalofanana kiasi cha kutisha. Alex Zanardi alikuwa bingwa wa mbio za CART za Marekani mwaka 1997 na 1998. Septemba 15, 2001, kwenye uwanja wa Lausitzring nchini Ujerumani, gari lake lilizunguka na kusimama kukingama njia, likagongwa ubavuni na gari jingine lililokuwa kwenye mwendo wa zaidi ya kilomita 300 kwa saa. Miguu yote miwili ilikatika. Alipoteza sehemu kubwa ya damu yake. Lakini madaktari wa mashindano, Steve Olvey na Terry Trammell, walikuwa pale pale. Walimfikia haraka, wakaziba mishipa, helikopta ikampeleka Berlin. Akapona. Akarudi kuendesha magari ya mbio kwa vifaa vya mikono. Mwaka 2012, kwenye Michezo ya Paralimpiki ya London, alishinda medali mbili za dhahabu na moja ya fedha kwa baiskeli inayoendeshwa kwa mikono, na mwaka 2016 kule Rio akapata nyingine mbili za dhahabu na moja ya fedha.

Juni 19, 2020, akiwa kwenye baiskeli hiyo kwenye barabara ya kawaida ya mkoa wa Toscana, aligongana na lori na kuumia vibaya kichwani na usoni.

Kwenye kilomita 300 kwa saa alikuwa na gari lililojengwa ili limlinde, mikanda, kofia, na madaktari wanaomsubiri. Kwenye barabara ya kijijini alikuwa na kofia ya baiskeli, na mbele yake lori.

Kinachomlinda dereva wa mbio

Watoto wanapotazama mbio za magari kwenye simu za wazazi wao, wanachokiona ni ujasiri. Hawaoni yaliyofichwa. Ndani ya gari la mbio la leo kuna mabomba ya chuma yaliyounganishwa kama kizimba ili paa lisiwalalie watu likipinduka. Kuna mikanda inayobana mabega, kiuno na mapaja. Kuna nguo zisizoshika moto, na kifaa kinachoizuia shingo isitupwe mbele. Enzi za Munari baadhi ya vitu hivyo havikuwapo, na madereva wengi walikufa. Walioendelea kubaki hai katika miaka iliyofuata hawakuwa mashujaa zaidi ya waliokufa. Walifungwa mikanda vizuri zaidi.

Sasa turudi kwa mtoto aliyekaa juu ya tangi la mafuta.

Bodaboda ikienda kilomita 50 kwa saa, ambao ndio ukomo kwenye maeneo ya makazi, inakwenda karibu mita 14 kwa kila sekunde. Mbuzi akikatiza, dereva anahitaji kama sekunde moja kuona na kuamua. Mita 14 zimekwisha kabla hajagusa breki. Akigonga kitu kwa mwendo huo, mwili unapata pigo sawa na kuanguka kutoka urefu wa karibu mita kumi. Tafuta mbuyu mkubwa ulio karibu na kwako, utazame juu. Kwa kilomita 80, pigo ni sawa na kuanguka kutoka mita 25, na huko mibuyu mingi haifiki.

Mtoto si mtu mzima aliyepunguzwa ukubwa. Kichwa chake ni kikubwa na kizito kulingana na mwili, fuvu lake ni jembamba, misuli ya shingo bado laini. Anaporushwa, mara nyingi kichwa ndicho kinachotangulia. Na akiwa mbele ya dereva, juu ya tangi, yeye ndiye anayefika kwanza kwenye kinachogongwa, huku uzito wa watu wengine watatu ukimfuata mgongoni.

Kuna majeraha mengine ambayo hayafiki kwenye magazeti lakini vyumba vya kufungia vidonda vinayajua. Ndama ya mguu iliyoungua kwenye bomba la moshi. Kisigino kilichoingia kwenye spoku kwa sababu mguu wa mtoto haufiki pa kukanyagia. Kanga au mtandio uliovutwa na gurudumu la nyuma, ukamvuta na mama.

Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, WHO, ajali za barabarani huua watu wapatao milioni 1.19 kila mwaka duniani, na ndizo zinazoongoza kuua watoto na vijana wa kati ya miaka 5 na 29. Wengi husoma takwimu kama hizo na kuziacha hapo, kwa sababu ni kubwa mno kuingia nyumbani. Namba ndogo ndiyo ya kushika: mapitio ya tafiti nyingi yameonyesha kwamba kofia ngumu hupunguza uwezekano wa aliyepanda pikipiki kufa katika ajali kwa takriban asilimia 42, na kuumia kichwa kwa takriban asilimia 69. Hakuna dawa nyingi kwenye kabati la zahanati zenye nguvu hiyo.

Kofia ya abiria, na sababu za kuikataa

Wazazi wana sababu zao, na si zote za kupuuzwa. Kofia ya abiria inavaliwa na watu ishirini kwa siku. Inanuka jasho, na mama aliyetoka kusuka jana anaogopa fangasi na chawa kuliko anavyoogopa lami, kwa sababu chawa amewahi kumwona. Wengine kofia ikiwa kubwa inawafunika macho, wengine wanasema ni hapa karibu tu.

Hapa karibu ndipo watu wanapokaa, na ndipo wanapogongwa. Kuhusu usafi, kitambaa chembamba cha pamba au kofia ya kitambaa kavu chini ya kofia ngumu inatosha kutenganisha nywele na jasho la jana. Kitambaa kizito au kilemba kikubwa hakifai, kwa sababu kofia itakaa juu juu na kutoka. Dawa ya kweli ni familia kuwa na kofia yake, hasa ya mtoto anayepanda bodaboda kila siku ya shule. Nyumba nyingi zina simu ya gharama kuliko kofia hiyo, na simu ikipasuka kioo hununuliwa kingine.

Kofia nzuri haikosi mambo machache. Ikae sawa, ukingo wake uwe kama upana wa vidole viwili juu ya nyusi, isilalie kisogoni. Mkanda wa kidevuni ufungwe, ubaki nafasi ya kidole kimoja au viwili tu. Mtoto akitikisa kichwa, kofia iende na kichwa. Ikizunguka peke yake, si ya kwake. Kofia ya mjengoni, ile ya mafundi ujenzi, haikutengenezwa kwa ajili ya pikipiki na haimlindi mtoto hata kama ina rangi nzuri. Na kofia iliyokwisha kupata ajali moja imemaliza kazi yake, hata kama kwa macho haina ufa.

Kwa mtoto mchanga aliyebebwa mgongoni hakuna kofia. Shingo yake haiwezi kuibeba. Mtoto ambaye miguu yake haifiki pa kukanyagia naye hana jinsi ya kujishikilia. Hao bodaboda si chombo chao. Bajaji, daladala au kutembea ni bora. Lakini ukweli wa Makutupora ni kwamba usiku wa homa kali, wakati hakuna kitu kingine kinachopita, mama atapanda kilichopo. Basi apande peke yake na mtoto, mtoto awe katikati yake na dereva na si mbele, kanga zote zikunjwe na kuchomekwa, dereva asiwe na harufu ya pombe, na mwendo uwe wa polepole.

Abiria si mzigo

Hapa ndipo Lofty Drews anaporudi. Kwenye mbio za magari, anayekaa kando ya dereva hasafirishwi. Ana kazi. Anasoma ramani na maelezo ya njia, anahesabu saa, anamwambia dereva kona inayokuja ni kali kiasi gani. Bingwa wa Monte Carlo alipofika Afrika Mashariki alimtafuta mtu anayezijua barabara za huku, akakubali kuambiwa. Munari alikuwa na kasi kuliko karibu kila mtu duniani, na bado mtu wa pembeni alimwambia: punguza, mbele kuna mto.

Mama au baba juu ya bodaboda mara nyingi hukaa kimya. Anaona aibu, au anaogopa kuonekana mshamba, au dereva ni kijana wa jirani na hataki maneno. Mtoto aliyebanwa katikati anajifunza kutokana na ukimya huo kwamba mwendo ni uamuzi wa dereva peke yake.

Maneno ya kutumia si mengi. Mwanangu, leo nimebeba watoto, twende taratibu. Kaka, tusiovateki hapa. Niteremshe hapo, nitatembea. Yanasemwa kabla ya kuondoka, kwa sauti ya kawaida, nauli ikiwa bado mkononi. Dereva wengi wa bodaboda ni vijana wenye watoto wao nyumbani, na mteja wa kila siku ana sauti kuliko trafiki aliyesimama kilomita kumi mbele. Wazazi watatu wanaomtumia dereva mmoja kupeleka watoto shule wakikubaliana kwamba hawapakizi mshikaki, dereva huyo hubadilika wiki hiyo hiyo. Watalipa zaidi, kwa sababu atakwenda safari mbili badala ya moja. Hilo lisemwe wazi, maana mshikaki kwa sehemu kubwa ni suala la nauli.

Liko pia suala la usingizi. Madereva wa Safari ya zamani waliendesha usiku na mchana kwa siku kadhaa. Utafiti umeonyesha kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 mfululizo anafanya makosa kama mtu mwenye kiasi cha pombe mwilini. Dereva aliyelaza bodaboda saa nane usiku na kuamka saa kumi na moja kuwahi wanafunzi yuko karibu na hali hiyo, hata kama hajagusa chupa.

Ikitokea

Ajali ikitokea, watu hukimbilia kumwinua majeruhi, kumpa maji na kumkalisha. Yote matatu yanaweza kumdhuru. Mtoto aliyerushwa achukuliwe kuwa na jeraha la shingo hadi mtaalamu aseme vinginevyo. Mtu mmoja ashike kichwa chake kwa mikono miwili kisicheze. Kofia isivuliwe kama anapumua vizuri. Damu inayotoka ibanwe kwa kitambaa safi bila kuachia kila mara kuchungulia. Asipewe chakula wala kinywaji, huenda akahitaji upasuaji. Namba ya dharura ya polisi ni 112. Akilazimika kubebwa, abebwe amelala juu ya ubao au mlango, mwili ukiwa umenyooka, kwenye gari, si katikati ya watu wawili juu ya pikipiki nyingine.

Fomu ya polisi, PF3, huwachelewesha wengi. Ndugu mmoja aifuatilie wakati mtoto anapelekwa hospitali, matibabu ya kuokoa maisha yaanze kwanza.

Wapo watoto wanaoanguka, wanajipangusa vumbi na kuendelea na mchezo. Hao ndio wa kuchungwa kwa siku mbili. Akitapika zaidi ya mara moja, akilala usingizi usio wa kawaida au kuwa mgumu kuamshwa, akipata degedege, akilalamika kichwa kinazidi kuuma, akiongea yasiyoeleweka, mboni moja ya jicho ikiwa kubwa kuliko nyingine, au maji meupe yakimtoka puani au sikioni, asisubiri asubuhi. Dodoma mjini kuna Hospitali ya Rufaa ya Mkoa na Hospitali ya Benjamin Mkapa.

Anayetaka kuwa dereva

Kuhusu yule wa gari la waya, kumkataza si jibu. Akifika miaka 14 atajifunza bodaboda kwa kaka yake usiku, kwenye njia ya mashamba ya zabibu, bila kofia na bila wewe kujua. Mpe Joginder Singh. Mwambie huyo Simba alianza na spana. Siku fundi akifungua injini ya pikipiki hapo kijiweni, mruhusu akae atazame, aulize kwa nini breki ya mbele inafanya kazi kuliko ya nyuma, na kwa nini tairi lililokwisha meno linateleza. Baadaye kuna VETA, na leseni ina umri wake. Mwambie na habari ya Lombardini pia. Watoto wa miaka kumi wanaelewa kifo kuliko tunavyodhani, na wanajua tukiwaficha.

Munari alirudi. Miaka minne baada ya ajali ile ya Yugoslavia alishinda Monte Carlo kwa mara ya kwanza, akiwa na Mario Mannucci pembeni na mikanda yote imefungwa.

Kama Jumamosi hii kuna mtu wa nyumbani anayekwenda mjini, mwazime fundi cherehani futi ya kamba. Izungushe kwenye kichwa cha mtoto, juu kidogo ya nyusi na juu ya masikio, pale kichwa kilipo kipana zaidi. Soma sentimita, uziandike kwenye simu unayoisomea hapa, pamoja na jina la mtoto, kisha mtumie huyo anayekwenda mjini.